Aliyemchora Bosi Kikao

Twahiru alikuwa karani wa stoo katika kampuni moja ya vifaa vya ujenzi huko Gisozi, mtu mpole ambaye kwa miaka tisa wenzake hawakumjua kwa lolote zaidi ya mwandiko wake mzuri. Hakuna aliyejua kwamba ndiye anayemchora Bosi Kikao.

Bosi Kikao alikuwa mkubwa wa ofisi kwenye katuni, mwenye tai iliyofika magotini, aliyeitisha vikao vya kupanga vikao. Kila Jumatatu Twahiru alimtuma mtandaoni kwa jina la bandia, akimsemesha Kiswahili fasaha alicholelewa nacho na bibi yake katika mtaa wa Nyamirambo. Alitarajia wasomaji ishirini. Mwaka haukuisha, katuni ikawa inazunguka kwenye simu za wauguzi, walimu na makarani wa benki, na kila mmoja aliapa kwamba aliyechorwa ni bosi wake. Hata pale stoo waliibandika ukutani. Wenzake walipocheka, Twahiru alicheka nao huku jasho likimtiririka mgongoni.

Kisha akateleza. Mkurugenzi, Madamu Mukashema, aliwaagiza wafanyakazi waandike ripoti ya kueleza kwa nini ripoti zinachelewa. Jumatatu iliyofuata, Bosi Kikao alitoa agizo hilohilo, neno kwa neno.

Asubuhi ile katuni zote zilikuwa zimebanduliwa. Saa nne Zephaniah wa mauzo, Mtanzania ambaye mkewe alikuwa mjamzito, alitoka kwa Madamu uso umemsawijika.

"Anasema Kiswahili cha katuni ile ni cha Mtanzania tu, na Mtanzania hapa ni mimi peke yangu," alimnong'oneza Twahiru. "Nikiri kabla ya saa nane, la sivyo nifungashe virago. Nikiri nini, kaka?"

Twahiru alirudi kuhesabu mifuko ya misumari, akapoteza hesabu, akaanza upya. Angenyamaza tu, yangepita. Saa saba na nusu alijikuta mlangoni kwa Madamu.

"Si Zephaniah, Madamu. Ni mimi."

Mukashema alimsukumia karatasi. "Chora."

Twahiru alichora. Tai ilipindapinda kama nyoka, lakini alikuwa Bosi Kikao bila shaka. Madamu aliivuta karatasi, akaitazama.

"Dada yangu iko benki," alisema. "Kila wiki ananitumia hii, anasema ni bosi wake. Tulikuwa tunacheka pamoja." Akaigeuza karatasi kifudifudi. "Ile ya ripoti sikucheka."

Hakumfukuza. Alimpa barua ya onyo, akamhamishia ghala la kampuni lililoko Gahanga, mbali na ofisi. Zephaniah aliombwa radhi, mlango ukiwa umefungwa.

Kwa wiki tano Twahiru hakugusa kalamu. Watu waliulizana mtandaoni kama Bosi Kikao amestaafu. Muuguzi mmoja aliandika kwamba bila yeye zamu zimekuwa ndefu. Wiki ya sita alichora tena. Alipekua kila neno, asije akawa amelisikia mdomoni mwa Madamu. Hakuliona hata moja, bado akapekua tena. Akatuma, akaizima simu, akakaa ghalani akisikiliza kama kuna gari la Madamu linaloingia getini.