Sikukataa Kutetea Utafiti Wangu

Anayepaswa kuwajibika ni mwenyekiti wa idara. Ninaliandika hili mwanzoni kwa sababu mjini Kisii habari imeanza kupindishwa: wengine wanamlaumu mkwe wangu, wengine wanalaumu mila zetu sisi Wagusii, na wapo wanaouliza mwanamke wa umri wangu alikuwa akitafuta nini katika darasa la uhusiano wa kimataifa.

Hao wa mwisho nitawajibu kwanza. Nilistaafu nikiwa afisa wa utawala katika ofisi za serikali huko Nyamira. Kazi yangu ilikuwa kupokea wageni: nani aketi wapi jukwaani, nani ahutubu kabla ya nani, bendera ipi isimame kulia. Mabalozi walipokuja kuzindua miradi ya maji, niliwaonyesha viti vyao, kisha nikasimama nyuma ya hema nikisikiliza mazungumzo ambayo sikuyaelewa hadi mwisho. Nilitaka kuyaelewa. Basi nilipostaafu, nilimwachia kijana wangu shamba la chai la Kebirigo, nikajiandikisha chuoni.

Madarasa yetu yalikuwa juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Mama mwenye duka aliniuliza kila mara, "Wameshakupa ubalozi?" Nami nikamjibu, "Bado. Wakinipa, utanikatia kitambaa kwa bei ya jirani." Wanafunzi wenzangu, wengi wao rika la wajukuu zangu, waliniita Mama Balozi. Nilisoma sheria za mikataba, kinga za mabalozi na historia ya mipaka. Utafiti wangu wa mwisho ulihusu wachongaji wa vinyago vya mawe laini ya sabuni wa Tabaka na namna wanavyojadiliana na wanunuzi wa ng'ambo. Kilichobaki ni kuutetea mbele ya jopo, nipate shahada.

Wakati huo idara ilikuwa imemwajiri mume wa binti yangu awe mhadhiri. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake wana heshima yao, nayo huitwa chinsoni. Hawapeani mikono, hawatazamani machoni, wala hawaulizani maswali ya kubanana. Tulipokutana kwenye ngazi, mkwe wangu alisogea pembeni, akainamisha kichwa, akaniamkia kwa mbali. Hatukumsumbua mtu.

Nilikwenda kwa mwenyekiti mapema, nikamweleza undugu huo, nikamwomba asimweke mkwe wangu katika jopo langu. Hata bila mila, nilimwambia, si haki mtu kumtahini mama wa mke wake. Akacheka. "Mama, hapa ni chuo. Hapa si ukweni." Niliyachukua maneno hayo kuwa mzaha wa mtu aliyekwisha kukubali ombi.

Siku ya utetezi nilipoingia chumbani, mkwe wangu alikuwa mezani. Mtahini mmoja alikuwa amesafiri, na mwenyekiti alikuwa amemketisha yeye mahali pake. Aliponiona alisimama ghafla, akageukia dirisha.

"Daktari, kaa. Anza na swali la kwanza," mwenyekiti akasema.

"Mzee, siwezi. Huyu ni mama."

"Kumbe mnaogopana hivi! Na mkitumwa Geneva?"

Watahini wengine wawili wakacheka. Mimi sikucheka. Niliomba ruhusa ya kusema, nikaipata. Nilisema kwamba mataifa mawili yasipoweza kuzungumza ana kwa ana, huomba taifa la tatu lipeleke maneno, na kwamba somo hilo nimefundishwa katika jengo hilihili. Nikapendekeza mkwe wangu atoke na aitwe mhadhiri mwingine, ambaye nilikuwa nimepishana naye mlangoni. Kama haikuwezekana, ayaandike maswali yake na mwenzake anisomee. Ningejibu yote.

"Sitabadilisha taratibu za chuo kwa sababu ya mambo ya kijijini," mwenyekiti akajibu.

Mkwe wangu akaomba radhi, akatoka akipita nyuma ya viti. Mimi nilibaki nimesimama mbele ya jopo, karatasi zangu mkononi, nikasema, "Niko tayari." Mwenyekiti akakusanya vitu vyake, akaondoka bila kuniuliza swali. Matokeo yalipobandikwa, kando ya jina langu paliandikwa kwamba nilikataa kutetea utafiti, na jina langu halimo miongoni mwa watakaohitimu.

Binti yangu alinipigia simu. "Mama, achana nao. Shahada utaifanyia nini sasa?"

"Itakuwa yangu," nikamwambia. "Na mume wako mwambie hana kosa kwangu."

Hakuwa na kosa. Mila nayo haikumfungia mtu mlango, kwa kuwa njia ya kuiheshimu na kuendelea na kazi ilitajwa wazi, mbele ya mashahidi, na mtu mmoja akaikataa.

Kwa hiyo ninadai yafuatayo kwa mwenyekiti wa idara, na kwa uongozi wa chuo uliomweka. Aeleze kwa maandishi ni kwa nini alipuuza ombi nililompelekea mapema. Aeleze ni nani aliyeandika kwamba nilikataa, hali watu watatu walinisikia nikisema niko tayari. Maneno hayo yafutwe. Liundwe jopo lisilo na ndugu yangu yeyote, nami niitwe mbele yake kabla ya mahafali. Majibu yatolewe yakiwa na jina na sahihi ya anayejibu.