Binti yangu kazaliwa na vidole sita, na babu yetu aliitwa Sita

Wakuu, salaam kutoka Kasongo. Hii sikusimuliwa. Anayebisha aje nimwonyeshe mikono ya binti yangu.

Mke wangu Zaina, ambaye kwao ni Wamaza, alijifungua salama. Ila mtoto ana vidole sita kila mkono, cha ziada kiko kando ya dole gumba.

Shangazi yangu, ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alifunua kitambaa akamfunika mtoto tena.

"Kwetu haiko mutoto wa namna hii. Hii kitu ilitoka kwao Wamaza. Huyu bibi yako arudi kwao."

Zaina alilia. Mimi kwa hasira nikamfuata daktari.

Akanieleza hivi. Mkono wa mtoto tumboni huanza kama kichipukizi. Upande mmoja kuna seli zinazotuma signali, yaani ishara. Karibu nazo hutokea kidole cha mwisho, mbali kabisa hutokea gumba.

Jeni ya signali hiyo ina swichi yake. Swichi ikiwa na kosa dogo, signali inawaka hadi upande wa gumba, kidole cha ziada kinaota.

Chakula, uchawi, michepuko, havihusiki.

Na kosa hilo hurithiwa. Linaweza kumpita mtu kimya, likatokea kwa mtoto wake.

"Kwenu haiko mwingine?" akauliza.

Nikajibu hapana, tena haraka. Msinicheke.

Narudi nyumbani, pikipiki ya kwenda Wamaza iko mlangoni, mizigo ya Zaina imeshafungwa juu yake.

Hapo swali la daktari likanirudia. Babu yangu, baba yake shangazi, mji mzima ulimwita Sita.

"Shangazi, babu walimuitaka jina Sita juu ya nini?"

"Si alizaliwa wa sita."

"Alikuwa wa kwanza kwa mama yake. Wewe mwenyewe ulituambiaka."

Akajifanya kukaza kamba ya mizigo.

"Na zile kovu kando ya gumba zake?"

"Alisemaka panga ilimukata."

"Mikono yote mbili, pahali pamoja?"

Hata mwenye pikipiki alicheka.

Zamani huku kidole cha ziada kilifungwa uzi mpaka kidondoke, halafu hakitajwi tena. Kwa babu likabaki jina.

Shangazi alimchukua mtoto, akavishika vile vidole, machozi yakamtoka.

"Baba, kumbe nilitaka kukufukuza."

Mizigo ikashushwa.

Funzo langu: kabla hujasema "kwetu hakuna", uliza majina ya wazee wenu yalitoka wapi.

Vidole vya ziada vya mtoto hatujavifunga uzi, kuviondoa ni kazi ya daktari akikua. Uzi nimeufungua humu jukwaani. Nanyi kwenu kuna jina ambalo hakuna aliyewahi kuuliza maana yake?