Miguu ya Mama Gracieuse

Mama Gracieuse alianza kuvaa viatu vya mume wake akiwa na miaka arobaini na mbili, na mwaka uliofuata viatu hivyo navyo vikamkataa.

Hakuona ajabu kubwa. Alikuwa muuza makayabo, samaki wa chumvi, katika soko la Bunia, na mtu anayesimama kutwa nyuma ya meza ana haki ya kuvimba miguu. Pete ya ndoa ilipogoma kutoka kidoleni, fundi wa dhahabu aliikata kwa msumeno mdogo akasema ni joto. Jasho lilipomtoka hata asubuhi za mvua, majirani walisema ni umri. Kichwa kikiuma alinunua kidonge, akameza, akarudi kwenye samaki.

Sauti ndiyo iliyoleta mambo. Tangu usichana aliimba soprano katika kwaya ya parokia, lakini sauti ilikuwa ikishuka kidogo kidogo, kama mtu anayeteremka ngazi bila haraka. Théodore, mwalimu wa kwaya, mtu mpole asiyependa kumuumiza yeyote, alimwomba asaidie kundi la alto kwa Pasaka moja tu. Noeli ilipofika akamwomba asaidie tenor. Ndivyo Gracieuse alivyojikuta katika mstari wa wanaume, bega kwa bega na mume wake Isidore, ambaye sauti yake haikuwahi kusikika vizuri na sasa haikusikika kabisa.

"Unaniimbia mu sikio," Isidore alilalamika wakitoka kanisani.

"Siye wote tuko naimbia Mungu," Gracieuse alimjibu. "Weye ongeza sauti."

Kisha kulikuwa na mkasa wa kizuizi cha barabarani. Alikuwa akienda Kasenyi kuchukua samaki, askari akaomba karte ya uchaguzi, kitambulisho chake cha kupigia kura. Akaiangalia, akamwangalia mama, akaiangalia tena.

"Mama, hii ni karte ya mudogo yako. Yako iko wapi?"

"Ni yangu."

"Huyu wa mu foto iko na pua kidogo."

Ilibidi abiria wenzake waape kwamba ni yeye, na mmoja akaongeza, kwa nia njema, kwamba maisha yamemtendea vibaya. Gracieuse alisimulia kisa hicho sokoni kwa wiki nzima, akiiga sauti ya askari, watu wakicheka mpaka wanashika meza. Nyumbani alichukua kioo, akajitazama muda mrefu, halafu akakiweka kabatini kikiwa kimelala kifudifudi.

Sasa, karibu na mlango wa soko alikaa Fulgence, fundi wa viatu, mzee wa maneno machache. Fulgence alikuwa na tabia yake: kila mteja aliyemletea kazi kubwa, alimsimamisha juu ya kipande cha karton na kuchora mguu wake kwa kalamu, akaandika jina na mwaka. Karton hizo zilijaa sanduku zima. Gracieuse alipoleta viatu vipya vya kiume, namba arobaini na nne, ili vipanuliwe mbele, Fulgence alivipokea, akaviweka chini ya kiti chake, akaketi.

"Hii sitapanua," alisema.

"Ngozi iko mubaya?"

"Ngozi iko muzuri. Leta muguu."

Alimchora. Kisha akachimbua sandukuni karton tatu za zamani, zote zikiwa na jina la Gracieuse, akazipanga juu ya hiyo mpya. Miguu minne ya mtu mmoja ilikaa pale, mmoja ndani ya mwingine.

"Unaona? Mutu mukubwa, miguu yake haiongezekaka."

"Unataka kusema nakulaka mingi."

"Chakula haiingiaka mu vidole ya miguu, mama."

Fulgence hakuwa akisema hayo kwa kubahatisha. Miaka kadhaa nyuma alikuwa na mteja mmoja, mwalimu kutoka Marabo, ambaye viatu vyake alivipanua mara nne. Alivipanua kwa ustadi, akasifiwa. Mara ya tano mwalimu aliletwa ameshikwa mkono, kwa sababu haoni. Baadaye mwanamke mmoja aitwaye Bénédicte alipita kwa mafundi wote wa viatu wa mji, akiwaeleza kwamba kuna uvimbe unaoota ndani ya kichwa na kukuza mikono na miguu ya mtu mzima, na kwamba wao mafundi wanaweza kuuona kabla ya daktari. Fulgence alimsikiliza mpaka mwisho, kisha siku mbili hakufanya kazi.

Hayo yote alimweleza Gracieuse kwa sentensi kama tano. Halafu akafunga kibanda.

"Tunaenda Shari, kwa Mama Bénédicte."

"Viatu yangu kwanza."

"Viatu inaenda na mimi," alisema Fulgence, akavitia kwapani, akaanza kutembea. Gracieuse akamfuata amevaa malapa ya kuazima, visigino vikiwa nje, akimtukana kwa sauti ya tenor njia nzima.

Bénédicte alikuwa muuguzi mstaafu. Mume wake alikufa kwa uvimbe wa ubongo uliojulikana kwa kuchelewa, na baada ya msiba yeye na familia nyingine chache walianzisha chama walichokiita Kichwa Yetu. Hawakuwa na hospitali wala gari. Walikuwa na chumba kimoja katika mtaa huo wa Shari, viti vya plastiki, birika la chai, na orodha ya madaktari wanaopokea simu. Kazi yao ilikuwa kumjua mgonjwa mapema, kumpeleka panapotibiwa, kukaa naye akiogopa, na kukaa na watu wa nyumbani kwake wakiogopa zaidi.

Bénédicte hakumgusa kichwa. Alimwomba karte ya uchaguzi, akaitazama kama yule askari, ila yeye hakusema neno juu ya pua. Akauliza kama anakoroma.

"Uliza Isidore. Alihamiaka kulala mu salon ya nyumba."

Kisha akamketisha, akamwambia amtazame puani bila kugeuza macho, akanyoosha mikono yake miwili pembeni na kuchezesha vidole.

"Vidole ngapi?"

"Vidole gani?"

Bénédicte alisogeza mikono katikati taratibu. Ilifika karibu na masikio yake mwenyewe ndipo Gracieuse akaviona. Gracieuse alifikiria zile pikipiki ambazo siku hizi zilizuka ubavuni mwake bila kutoka popote. Akafikiria samaki wa pembeni mwa meza, ambao kwa miezi alimshuku jirani yake Clarisse kwamba anawaiba, wakati yeye ndiye hakuwa akiwaona.

"Nilimutukana Clarisse," alisema polepole. "Na mama yake."

Damu ilichukuliwa, ikapelekwa kupimwa, majibu yakarudi, na Bénédicte akaenda mwenyewe nyumbani kwao kuyaeleza. Chini ya ubongo, alisema, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama punje ya kunde. Ndiyo inayouambia mwili ukue na ndiyo inayouambia basi. Ya Gracieuse imeota uvimbe na imesahau kusema basi. Uvimbe wenyewe si saratani, lakini unabana mishipa ya macho. Picha ya kichwa itapigwa Kampala, na upasuaji utafanyika hukohuko.

Isidore, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliketi juu ya ndoo ya maji bila kuangalia.

"Batapasua kichwa ya bibi yangu?"

"Hapana, papa. Batapitia mu pua."

Isidore alimtazama mke wake, akamtazama Bénédicte, akangoja mmoja wao acheke.

Chama kilichanga, kwaya ikachanga, na Clarisse, baada ya kuombwa msamaha yeye pamoja na mama yake, akachanga pia. Bénédicte na Gracieuse walivuka Ziwa Albert kwa mtumbwi wa injini, wakapanda basi. Kampala walipokelewa na Denise, mwanamke wa Bunia aliyeolewa kule, ambaye chama kilimtegemea kutafsiri maneno ya madaktari. Picha ilionyesha uvimbe wenye ukubwa wa ndimu ndogo.

"Muulize," Gracieuse alimwambia Denise mbele ya daktari, "ndimu itapita namna gani mu pua?"

Denise alitafsiri. Daktari, kijana mwenye uso mkavu, alieleza kwamba itatoka vipande vipande. Halafu akaongeza kitu, na Denise akacheka kabla ya kutafsiri.

"Anasema pua yako imekua, itamusaidia kazi."

Asubuhi ya upasuaji hakukuwa na mzaha. Gracieuse alimshika Bénédicte mkono kwa nguvu za mikono yake ile mikubwa mpaka vidole vya mwenzake vikafa ganzi, akamwambia kama hatarudi, Isidore asiachiwe meza ya samaki, atapunjwa na kila mtu. Bénédicte aliahidi. Hakumwambia kwamba yote yatakuwa sawa, kwa sababu mume wake yeye aliambiwa hivyo.

Alirudi. Siku ya tatu alikuwa amekaa kitandani, pamba puani, mbele yake sahani ya ndizi, akisikiliza makatazo: asipenge kamasi, asiiname, na chafya ikija aiachie kwa mdomo wazi. Alikuwa akimtazama nesi aliyesimama mbele. Bila kugeuza kichwa, akasema:

"Bénédicte, acha ndizi yangu."

Mkono wa Bénédicte ulikuwa pembeni kabisa, unaelekea kwenye sahani. Uliganda hapohapo. Bénédicte alisema kwamba alikuwa anampima macho tu. Alikaa ukingoni mwa kitanda akalia, ndizi mkononi, na nesi hakujua amfariji yupi.

Bunia, Isidore aliendesha meza ya makayabo wiki sita, na kweli alipunjwa na kila mtu. Clarisse alimsaidia pale alipoweza. Hata baada ya kurudi nyumbani, Gracieuse alikaa mbali na soko kwa amri ya Bénédicte, kwa sababu harufu ya samaki wa chumvi ingeweza kumfanya apige chafya, akawa anauza kwa simu, akimfokea mume wake mbele ya wateja.

Miguu haikurudi. Mfupa ukishakua haupungui, daktari alikuwa amesema, na Fulgence alimpanulia vile viatu bila ubishi. Vidole vya mikono vililegea kiasi, jasho likakata, kichwa kikatulia. Isidore alirudi chumbani kulala. Sauti ilibaki chini, na Théodore alishukuru kimyakimya, maana tenor zake zilikuwa zimemtegemea. Kila baada ya miezi sita damu inapimwa, na Gracieuse siku hiyo huwa mkali kwa kila mtu mpaka majibu yatoke.

Jumamosi anafunga meza mapema na kuzunguka na Bénédicte. Wameongea na vinyozi, washonaji wa suti na wauza miwani. Kwa fundi wa dhahabu aliyekata pete walikwenda mara mbili. Watu humsikiliza Gracieuse kuliko Bénédicte, kwa sababu huwaonyesha ile karte.

Mwezi uliopita mshonaji mmoja aliwatumia habari za Kambale, mchuuzi aliyetoka Gety, ambaye kofia zake zote zilikuwa zimebana. Walimkuta nyumbani, amekunja mikono kifuani, hataki kusikia. Bénédicte alieleza tezi, akaeleza kunde, hakuna kitu. Gracieuse akauliza swali moja:

"Papa, bibi yako analalaka wapi?"

Kutoka jikoni sauti ya mke wa Kambale ikajibu, "Kwa dada yangu."

Jumatatu asubuhi wanawake hao watatu walimpeleka kupima damu. Alipoona sindano alisema anazimia, na Gracieuse akaketi karibu yake, akavua kiatu kimoja, akamwambia ajaribu kukivaa.

Kilimtosha vizuri. Alipokuwa akikitazama kwa mshangao, muuguzi wa maabara alishamaliza kuchukua damu.