Mwalimu na Sikio Langu

Ule ulikuwa mwaka wa njaa, wa kula ugali wa manjano asubuhi na jioni. Mwalimu alikuja kwenye shamba la mzungu tulikoishi, karibu na Molo, akinuka sabuni na tumbaku. Kabla ya ualimu alikuwa mpishi, kisha dresa wa kudunga watoto sindano.

“Pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili,” aliniambia.

“Shika, kichwa ngumu wewe!” mama akafoka.

Nilidhani anataka kunidunga. “Sishiki! Sikio ni langu!”

“Huyu bado mdogo,” mwalimu akacheka, akaenda zake, asirudi tena. Kumbe hivyo ndivyo walivyopima mtoto wa kuingia shule: mkono ukifika sikio, umri umetosha. Kusoma nilijifunza nikiwa na wajukuu.

Juzi nilimwona mjukuu wangu, mwalimu hapa Nakuru, akiwachezesha watoto vivyo hivyo.

“Na wewe shosho, shika!” akaniambia mimi bibi yake.

“Sishiki! Sikio ni langu!”