Kitenge cha Mamba-Muntu

Nilipokuwa mtoto pale Panda, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, kila maji yalikuwa na mwenyewe, hata kidimbwi cha samaki alichokichimba baba nyuma ya nyumba. Mshahara wa mgodini ulikuwa unakuja kwa bahati tu, na wale tilapia ndio waliokuwa tumaini letu la kula.

Mvua zilipoanza, majani madogo ya kijani yalitokea yakielea kwenye kona moja, upana wa sahani. Kambo, mama yake baba, akasema hicho ni kitenge cha mamba-muntu, mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki. Anakileta kimekunjwa, na kila Jumapili anakikunjua mara moja, kinakuwa mara mbili. Akimaliza kukitandaza, samaki wote ni wake. Akamwomba baba ayatoe majani hayo mapema.

Hapo ndipo tulipokosea, kosa la watu wa maombi hasa. Baba alikuwa shemasi. Kwa kuwa jina la mamba-muntu lilikwisha kutajwa, alikataa katakata kuyagusa majani. Kuyatoa kungekuwa kukiri kwamba ni yake. Basi tukafunga, tukaomba pale ukingoni, tumbo langu likinguruma kuliko sala yenyewe. Majani yakafika upana wa sinia, kisha wa mkeka. Sikuogopa, maana maji yalikuwa bado mengi.

Jumapili moja tulitoka ibadani tukakuta yamefika katikati. Baba akafurahi kabisa. Muda wote huu yamekula nusu tu, akasema, Bwana ameyazuia; nusu yetu itatufikisha kiangazi.

Kambo alimtazama kwa huruma. "Mutoto yangu, kitenge ikifika nusu, inabakia kuikunjula mara moja tu."

Jumapili iliyofuata hatukuona maji. Samaki walikuwa wamekufa chini ya majani, midomo wazi. Nililia sana, kwa njaa niliyoiona inakuja. Baba akavua viatu, akaingia na suti yake ya ibada, akaanza kuyazoa kwa mikono. Kambo akaingia naye, wakazoa pamoja.

Mpaka leo naomba, na sijui kama mamba-muntu yupo. Ninachojua ni kwamba mwaka ule nusu ya mashine za kiwanda cha mgodi zilikuwa bado zinanguruma, na jirani zetu walifarijiana kwamba nusu ipo. Baba hakulisema tena neno hilo, nusu. Alilima mahindi hadi mlangoni, akang'oa hata maua ya mama, watu wakamcheka. Mashine zilipokuja kunyamaza zote, sisi tulikuwa tunavuna.