Tumeshiba, Bibi

Wiki iliyopita nilifunua bakuli la plastiki lenye mayai ya kuchemsha, harufu ikanipiga usoni, nikakaa kwenye kigoda cha jikoni kama mtu aliyeletewa habari mbaya. Mnaijua harufu hiyo. Yai likifungiwa lingali na joto hutoa jasho, na jasho lenyewe linanuka kama njiti ya kiberiti iliyozimwa kwenye maji. Nilikuwa nafunga chakula cha safari. Kesho yake tulikuwa tutoke hapa Handeni kwenda Korogwe, mimi, mume wangu na watoto, kumsalimia bibi yangu mzaa baba anayekaa Masuguru. Nilifunga kama nilivyofundishwa na Mama: vitu vikavu, visivyomwagika. Nazi hapana, maana inachacha kabla hujafika. Chapati ukande na mafuta mengi zisikakamae zikipoa. Mayai usiyamenye, chumvi ikae peke yake kwenye kikaratasi.

Halafu ile harufu. Nikarudi kuwa na miaka minane, ila safari hii nikiwa na hasira ambayo utotoni sikuwa nayo. Wakati ule nilikuwa nimechanganyikiwa tu. Nisikilizeni niwaambie.

Tulikuwa tunakaa Mkata. Mwaka ule mvua ilitukatalia kabisa, mahindi yakakauka yakiwa hayajafika hata magotini kwa Baba. Mchana tulikula ugali wa muhogo kwa mlenda, jioni uji, na kuna jioni ambazo Mama alituambia tulale mapema kwa sababu giza limeingia vibaya. Mimi nilimwamini. Nilidhani kweli kuna giza linaloingia vibaya.

Kuku wetu walikuwa wakitaga kwa kusuasua. Kila yai lililopatikana Mama alilitia kwenye chungu chini ya kitanda, na mdogo wangu Rajabu alipolikodolea macho tu alizabwa kofi. Nikajua anayaweka kwa ajili ya vifaranga. Lakini siku moja kabla ya Idd akayachemsha yote. Akatoa na unga mweupe wa ngano, sijui ulikotoka, akakanda chapati. Kitenge chake kipya cha kijani sikukiona tena tangu siku ile, na kwa akili yangu nilidhani kimeibiwa kwenye kamba.

"Mama," nikamuuliza, "si tunakwenda kula pilau kwa Bibi?"

"Nipe hiyo chumvi."

Nikampa. Hebu nielewesheni: nyumba ambayo haijaona chapati tangu masika ya mwaka uliopita, inaona chapati siku ya kwenda kula kwa watu. Akatia kila kitu kwenye ndoo ndogo iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, akaifunika kwa kanga na kuikaza fundo. Usiku mzima ile ndoo ilininukia. Sikuthubutu kuigusa.

Asubuhi ya Idd, Baba aliazimwa pikapu na rafiki yake. Mimi na Rajabu tukakaa nyuma kwenye godoro, ndoo katikati yetu, tukiilinda kama askari wawili wenye njaa. Upepo ulikuwa na vumbi na harufu ya dizeli. Tulipita Kabuku, tukapita Segera kwenye mishikaki inayofuka moshi, na Mama hakusema simama. Mbele kidogo ya Segera, penye karavati na mkonge pande zote mbili, akasema simama.

Pale ndipo tulipolishwa. Nasema tulilishwa, hatukula. Mama alimenya mayai akayachovya kwenye chumvi na kututia mdomoni, chapati baridi juu yake, kisha tukapewa chai baridi iliyowekwa kwenye chupa ya soda. Yai la kwanza lilikuwa tamu mpaka nikafumba macho. La tatu lilikuwa adhabu.

Baba alisimama na chapati yake mkononi. "Mama Dija, tunakwenda kula. Sasa mbona tunakula?"

"Kula, Baba Dija. Usiniulize."

Baba akala.

Tulipomaliza, Mama alitufuta nyuso kwa kanga iliyoloweshwa, akachukua mafuta kidogo yaliyobaki kwenye ndoo akatupaka miguuni. Na midomoni. Midomo yetu iking'aa kama ya watu waliotoka kula mbuzi mzima, akachuchumaa mbele yetu.

"Mkifika, mkikaribishwa chakula, mnasema nini?"

"Asante," Rajabu akasema.

"Mnasema tumeshiba, Bibi. Rudia."

"Tumeshiba, Bibi."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nikadhani ni vumbi.

Kwa Bibi nyumba nzima ilinukia pilau ya mbuzi. Bibi alikuwa ukumbini na kanga yake mpya, akatupokea kwa vigelegele. Shikamoo zikapita, marahaba zikarudi. Karibu na mlango palikuwa na gunia la mahindi limefungwa kwa kamba ya katani, na juu yake dumu la mafuta. Nakumbuka Bibi alimgusa Baba bega akamwonyesha kwa kidevu: "Hilo ni lenu. Msije mkalisahau." Baba akaliangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto mchanga.

Likaja sinia. Bibi akamwita Rajabu, maana humwita mume wake: "Mume wangu, njoo unawe."

Rajabu akaangalia ile pilau, akaniangalia mimi, akamwangalia Mama. "Tumeshiba, Bibi."

Bibi akacheka. "Mume gani huyu anakuja kwangu ameshiba kwa mwanamke mwingine? Dija, mke mwenzangu, njoo basi wewe."

"Tumeshiba, Bibi," nikasema. Na kweli nilikuwa nimeshiba mpaka kooni. Hapo hapo Rajabu akateuka, na harufu ya yai ikatoka ikaenea juu ya sinia.

Shangazi yetu, dada yake Baba aliyeolewa Hale, alikuwa mlangoni na birika la kunawia. "Heee! Wifi, kumbe umewalisha njiani? Unaogopa nini kwenye chungu cha mama?"

Niliwaangalia wakubwa mmoja mmoja nikitafuta nani atacheka. Mkono wa Bibi ulikuwa bado umeshika kijiko cha kupakulia, ukabaki hewani. Mama alifungua mdomo. Niliona kabisa kwamba kuna maneno yamefika kwenye meno. Akayameza.

"Wameshiba tu, mama," akasema.

Baba peke yake akanawa. Alikaa kati ya mke na mama yake akala ile pilau, tonge juu ya tonge juu ya mayai, jasho linamtoka, hakuna anayemwambia aache wala aendelee.

Wakati wa kuondoka, Bibi aliinamia lile gunia akaanza kuliburuta. Mwanamke mzee, peke yake. Baba akaruka kumsaidia, akaliinua upande mmoja akielekea kwenye gari. Bibi alikuwa anaelekea ndani.

"Acha, Salimu," akasema polepole. "Watu wasiokula kwangu nitawapaje cha kwangu?"

Gunia likarudi stoo. Tukarudi Mkata na ndoo tupu. Tulipofika Segera Rajabu akasema ana njaa, na Mama hakugeuka.

Baada ya hapo hao wawili walisalimiana misibani na kwenye harusi tu. Mimi sikuelewa kitu. Nilijua watu hugombana kwa matusi, kwa mashamba, kwa wanaume. Hapa palikuwa na mayai, na watu wote walikuwa wamesema asante na shikamoo.

Nilipofaulu kwenda sekondari nikapangiwa Korogwe, na Baba akanipeleka kukaa kwa Bibi. Bibi alinipenda, hilo siwezi kumnyima. Lakini alikuwa na tabia moja iliyonichosha. Kila sahani aliyonipa, kabla sijaigusa, alinyoosha mkono akachota tonge la kwanza, akatafuna taratibu akiniangalia machoni, akameza. Ndipo anasema, "Haya, kula." Asubuhi na uji wangu, alikunywa kwanza. Hata muwa, aling'ata yeye kwanza. Nilimwona mroho. Rafiki zangu shuleni niliwaigiza jinsi anavyotafuna, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Miaka yote ya sekondari nilikula chakula kilichotangulia kuliwa, wala siku moja sikuuliza.

Kuuliza! Nyumba yetu ilikuwa na ugonjwa wa kutouliza.

Nilikuja kuelewa nimeshaolewa, mwanangu wa kwanza mgongoni, siku ya kumpeleka kwa wakwe. Mama, ambaye sasa anakaa na mimi tangu Baba afariki, akanisogelea na bakuli: "Mlishe kabla hujafika. Wasije wakasema umewaletea njaa." Nikamwambia, Mama, nani atasema? Ndipo akanitolea, akiwa amesimama na kijiko mkononi. Mwaka ule wa ukame shangazi wa Hale alikuwa amepita Mkata, akaona sufuria zetu, akaenda kueneza Korogwe nzima kwamba watoto wa kaka yake wanakufa njaa kwa sababu mwanamke aliyemwoa hajui kutunza. Mama akaapa kwamba siku ya Idd hakuna mtoto wake atakayeonekana akifakamia.

Nikasimama pale, na kichwani mwangu nikamwona Bibi anatafuna tonge la kwanza, macho yake yako kwangu. Hakuwa mroho. Alikuwa ananionyesha kwamba hakuna kitu kwenye chakula chake. Msichana mdogo anakula, na bibi yake kila siku anajitetea kwenye kesi ambayo hakuna aliyeifungua.

Mwanamke mmoja aliona aibu ya njaa. Mwingine aliona ameitwa mchawi. Neno moja tu lingetosha, "mama, tuna njaa," na gunia lingepanda gari. Sisi tulilala na uji miezi mizima, na yale mahindi yakaliwa na fukusi Masuguru. Ndiyo maana nina hasira. Nawapenda wote wawili, na nina hasira nao wote wawili.

Kwa hiyo wiki iliyopita niliinuka kwenye kile kigoda, nikawagawia watoto mayai yote jioni ile ile, nikapiga simu.

"Bibi, shikamoo. Kesho tunakuja. Na tunakuja na njaa."

Nikasikia mfuniko wa sufuria ukigonga upande wake.

"Njaa kiasi gani?" akauliza.

"Kubwa."

Mama nilimwambia twende wote. Akasema magoti.

Pilau ilikuwa inatusubiri. Bibi akanyoosha mkono kwenye sahani ya mwanangu kama kawaida yake. Mimi nikawahi. Tonge la kwanza nikalitia mdomoni mwangu, la moto, likaniunguza ulimi.

"Una haraka gani wewe?" akasema Bibi.

"Si nilikwambia nina njaa."

Akaurudisha mkono, akauweka mapajani.

Wakati wa kuondoka akachukua bakuli langu lile lile la plastiki, akalijaza, akalifunika. "Hii ya mkwe wangu," akasema. Alishika mfuniko muda mrefu. Nadhani alitaka kuonja, akajizuia.

Tulifika Handeni pilau imeshapoa, mafuta yameganda meupe pembeni. Nikaliweka bakuli mezani, nikamwambia Mama limetoka kwa nani, nikawasha jiko nimpashie.

"Acha," akasema.

Akala baridi hivyo hivyo, amesimama, kwa mkono, mpaka nikasikia kucha zake zinakwangua plastiki. Kisha akafunika bakuli tupu na kunikabidhi.

"Bado anazidisha karafuu," akasema, akaenda kunawa.