Homoni Safi ya Baba Mdogo

Baba mdogo hajawahi kukutana na kitu akakiona safi. Glasi ikitoka kuoshwa huiinua dirishani, huikagua kama askari wa mpakani, kisha huirudisha kwenye sinki. Mtu wa aina hiyo ndiye aliyepewa maabara na chuo.

Kazi yake ni vichwa vya kambare. Anavipasua, anachokonoa chini ya ubongo, anatoa tezi ya pituitari, kitu kidogo kama punje ya mtama. Humo mna homoni inayomfanya jike atage, maana kwenye bwawa la kufugia jike hujaa mayai akatulia nayo tu. Wenzake husaga tezi, huchanganya na maji ya chumvi, humchoma samaki sindano, basi. Baba mdogo huiita hiyo supu ya washamba. Yeye alitaka homoni peke yake, aipime, aijue tabia yake. Akaichuja, akaizungusha kwenye mashine, akaipitisha kwenye jeli, akakinga matone, akayapitisha tena. Kila hatua homoni kidogo ilibaki njiani, naye akafurahi kuona maji yanazidi kung'aa.

Wakubwa wa chuo wakatangaza kwamba watakuja kumwona jike akitaga. Asipotaga, maabara inakwenda kwa mtaalamu wa uyoga, ambaye tayari alikuwa akipita kupima madirisha kwa macho.

Asubuhi, siku moja kabla ya ugeni, baba mdogo alimchoma jike wa majaribio. Jioni akamkamua tumbo. Halikutoka hata yai moja.

Akaja nyumbani bila salamu, akatoa kichwa cha kambare alichokuwa amekificha kwenye friji, nyuma ya maziwa.

"Mama watoto, kinu cha vitunguu saumu kiko wapi?"

"Unapika?" mama mdogo akauliza.

"Nina kazi kidogo."

"Si ulisema hiyo ni supu ya washamba? Ile safi iko wapi?"

"Imeisha."

"Umeitumia yote?"

"Nimeisafisha."

Mama mdogo akakaa chini ili acheke vizuri. Mumewe akachokonoa tezi, akaitwanga huku kaugeukia ukuta, kisha akarudi kumchoma jike mwingine.

Kulipokucha wakubwa walisimama kando ya beseni na mabuti yao mapya. Baba mdogo akambonyeza jike tumboni, mayai yakamiminika kama uwele kwenye gunia lililotoboka. Wakapiga makofi. Mkuu wa chuo akainua chupa ya yale maji yanayong'aa, akasema hajapata kuona homoni safi kiasi hiki. Na kweli hakuwa ameiona, kwa sababu haikuwemo. Papo hapo akaagiza mabwawa yote ya chuo yapelekewe hiyo hiyo. Mtaalamu wa uyoga akarudi koridoni kwake.

Sasa baba mdogo ana maabara, ana kibao kipya mlangoni, na hana cha kupeleka mabwawani isipokuwa supu. Alipokuja kuomba apewe kinu kiwe chake kabisa, mama mdogo hakubisha.

"Kichukue," alisema. "Ila ukikiosha, usikisafishe sana. Kisije nacho kikaisha."